Fundi wa Viuno vya Magari

Nyumba ya Fundi, pale Timbwani, imeinama upande wa kibla kama mtu aliyetaka kurukuu akakumbuka hakutia udhu. Ukuta umeshikiliwa na boriti tatu za mkoko. Kila msimu wa mvua huongezwa ya nne, kisha ya kwanza huoza, zikabaki tatu tena. Humo ndimo anamoishi mtu aliyeyazuia magari ya Likoni yasiiname. Nimecheka sana juu ya jambo hilo, na nimewachekesha wengi. Nilikuwa na sauti yake, mwendo wake na kikohozi chake, na mwalimu akichelewa nilipanda juu ya dawati, nikamtia kidole kiunoni mtoto wa mbele na kumwambia, "Hapa, mwanangu. Hapa ndipo ugonjwa ulipo."

Jina lake silitaji. Seremala wetu huitwa seremala, mshoni huitwa mshoni, lakini ukisema Fundi bila ya kuongeza neno, kila mtu kutoka kivukoni mpaka Shelly Beach ajua ni nani. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizwe wazee wa barazani, wao wana nafasi ya kujibu maswali hayo mpaka magharibi. Mimi nina jambo moja tu la kusema, na nitalizunguka kwanza kwa sababu naliogopa. Fundi anaamini kwamba kazi ya mikono yake ilimuua mkwewe. Sivyo. Likoni nzima kuna mtu mmoja awezaye kumwambia kwamba sivyo, na mtu huyo ni mimi.

Kazi yake ilikuwa springi. Lori likivunjika springi huko Msambweni, dereva alifunga gogo kwa kamba, akalileta kwa Fundi likitambaa. Injini hakuigusa. "Injini ni tumbo," alikuwa akisema, "na matumbo yana waganga wengi." Yeye alikuwa wa kiuno. Chuma alijifunza katika karakana ya bandari, ng'ambo ya pili, akatoka huko na kikohozi, na sikio la kushoto lisilosikia, na imani kwamba gari halipinduliwi na mwendo. "Mwendo si neno," alisema. "Kiuno ndicho." Gari likiingia kona, upande wa nje wabonyea, wa ndani wainuka, na springi za pande mbili hazisemezani, kila moja na lake. Dawa ni kuzilazimisha zisemezane.

Dawa yenyewe ilikuwa chuma kimoja kirefu, kinene kama kidole gumba, kilichopita chini ya gari kutoka gurudumu la kulia hadi la kushoto, ncha zake zimekunjwa mbele kama mikono ya mtu anayesukuma mlango. Upande mmoja ukibonyea, chuma kilijisokota, kikauvuta na wa pili, na gari likabaki wima. Magari mapya ya Wazungu huja nacho, na wana jina lao la kukiita. Fundi alikiita mshipi. Magari yetu yalikuwa makuukuu, hayana mshipi wala haya.

Chuma alikipata katika malori ya jeshi yaliyoachwa kuozea vichakani baada ya vita. Alikipasha moto mpaka kikawa rangi ya papai lililoiva, akakikunja, akakizamisha katika pipa la mafuta machafu, kikipoa akakigonga kwa ufunguo wa mlango na kukisikiliza kwa lile sikio la kulia. Kikilia vizuri alinyamaza. Kikilia vibaya alikirudisha motoni na kukiomba radhi. Watu sikupata kusikia akiwaomba radhi. Mwenye lori akija kulalamika kwamba kazi imechelewa, Fundi alimtazama mpaka mtu akaanza kulalamikia jua.

Wengine hupima kazi yao kwa macho. Yeye alipima kwa uji. Binti yake Zuhura, maana mama mtu alikuwa ameshafariki, alipika uji wa mtama, mzito kidogo, akautia nusu ya bakuli jeupe. Fundi aliliweka bakuli sakafuni mwa gari, katikati kabisa, akamwambia dereva, "Nenda ukazunguke ule mkwaju mara tatu, usimhurumie." Gari likizunguka, uji ulipanda ukingoni na kuacha alama. Likirudi, Fundi alilitoa bakuli kama mtu anayetoa mtoto mchanga, akapima kwa vidole: vinne kulia, vitatu kushoto. Akafunga mshipi. Bakuli jingine, uji mwingine, mizunguko mingine mitatu. Vidole viwili na viwili. Hapo ndipo aliposema alhamdulillahi, akakaa kitako akaunywa ule uji, na vumbi lake.

Mwezi wa Ramadhani mmoja imamu wetu alimkuta mchana kweupe na bakuli mkononi.

"Fundi, uji huu?"

"Si wangu, Maalim. Ni wa gari."

"Na gari halifungi?"

"Gari ni msafiri, Maalim."

Imamu akaenda zake na neno hilo kinywani. Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi kuliko sura yoyote niliyohifadhi chuoni.

Lakini mtu huyu aliyeyatibu magari ugonjwa wa kuyumba, yeye mwenyewe hakupanda gari. Alikuwa akitapika. Siku walipomlazimisha kwenda harusini Jomvu Kuu alitapika kabla ya gari kuondoka, kwa kulitazama tu. Kila mahali alikwenda kwa baiskeli isiyo na breki, akajisimamisha kwa kuegemea miti. Na aliuchukia mwendo. Alikuwa akisimama kando ya njia na kuyakaripia magari yanayokimbia, na yaliyokimbia kuliko yote yalikuwa yale aliyoyafunga mshipi yeye. Nilimwambia hivyo siku moja nikidhani nimemkamata. Akanijibu, "Nimewapa kiuno, sikuwapa akili. Akili wangeniletea kwanza niione ilipovunjika."

Mshipi ulikuwa na kasoro moja, na aliyeigundua ni yeye. Maji yakipwa, feri huwa chini sana, na ule mlango wake hulalia gati kwa upogo, upande mmoja juu, mmoja chini. Gari lisilo na mshipi hupanda pale likiyumba kama mlevi, lakini magurudumu yote manne yagusa. Lenye mshipi hukakamaa, gurudumu moja likaning'inia hewani na jingine likateleza kwenye mwani. Fundi alikaa siku tatu gatini akitazama magurudumu. Siku ya nne alikuja na pini.

Pini ile ilikuwa na urefu wa kidole cha shahada na unene wa penseli. Ndiyo iliyounganisha ncha ya mshipi na gari, na ilizuiwa isichomoke kwa kipete cha waya kilichobanwa kichwani mwake. Kabla ya kuingia feri, dereva aliinama, akafungua waya, akachomoa pini, akautundika mshipi kwenye ndoano. Akishavuka aliinama tena, akairudisha. Basi ikawa ada ya kivuko chetu: kila feri ikifika, madereva sita, saba, wamesujudu kando ya magurudumu yao. Tuliwaita jamaa wa sala ya sita.

Sudi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama. Alikuwa na gari jeusi la abiria, Likoni hadi Kwale na kurudi, na pengine akivuka mpaka mjini, na alikuja kwa Fundi kutafuta mshipi. Akapewa bakuli la pili la kupimia alinywe, kwa kuwa Fundi siku hiyo alikuwa ameshiba. Akanywa, akapangusa mdomo, akauliza uji huu kaupika nani. Miezi mitatu baadaye akamwoa.

Hapo ndipo Fundi alipopata shida ambayo hakuna chuma kingeitatua. Kabla ya ndoa alimkaripia Sudi kama alivyowakaripia madereva wote. Baada ya ndoa Sudi akawa mkwe, na Fundi alikuwa na haya za watu wa zamani. Kumwagiza mkwe, kumkosoa, hata kumtazama usoni kwa muda mrefu, kwake ilikuwa ni kuivunja heshima ya binti yake. Lakini gari lilihitaji kuangaliwa kila wiki. Basi akawa akilisemeza gari.

"Wewe gari," alisema, mkono juu ya boneti, na Sudi amesimama pale pale, kofia ameivua. "Mwambie bwanako mipira ya kushoto imekwisha."

Sudi naye, mtoto wa watu, akaliinamia gari. "Mwambie Baba nitakuja Ijumaa."

"Mwambie Ijumaa ni mbali."

"Mwambie basi Jumatano, inshallah."

"Na umwambie pini hiyo aitazame kila mara kabla ya kuondoka. Si kuitia tu akenda zake. Aitazame."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, juu ya boriti. Nikalijibia gari, kwa sauti nzito: "Na mimi hamniulizi nataka nini?"

Fundi hakugeuka. Alinirushia tambara la mafuta kwa mkono wa nyuma, likanipata usoni. Sudi alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Fundi pia alitaka kucheka, nikamwona, lakini mkwe alikuwapo, akakigeuza kicheko kikohozi.

Nasimulia haya ili ijulikane kwamba nilimpenda Sudi. Alikuwa akinipa lifti mpaka shule na kuniita Bwana Gari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, adhuhuri imepita, maji yamekupwa. Nilikuwa darasa la saba na sikuwa na la kufanya. Sudi alivuka kutoka mjini, akapandisha gati, akasimama juu penye kivuli. Akainama. Akatia pini, akabana waya, akaupiga mshipi kofi mara mbili kama ada yake, akaitazama pini. Nilimwona kwa macho haya. Kisha akaenda banda la chai kungoja abiria wajae.

Wiki ile alikuwa akijisifu barazani kwamba gari lake lapita kona zote za Kwale na kikombe cha chai hakimwagiki. Nami nilitaka kitu kidogo tu. Nilitaka kona ya kwanza iwarushe akina mama na vikapu vyao vya ndizi mmoja juu ya mwingine, wamtukane Sudi mpaka Kwale, na jioni nimpelekee pini yake juu ya sahani, na kitambaa juu. Nilikuwa nimeshatayarisha na maneno ya kusema. Nikajifanya naokota gololi, nikaingia chini ya gari, nikafungua waya, nikachomoa, nikautundika mshipi kwenye ndoano kama alivyoutundika yeye mara mia mbele yangu. Hata chai yake haikuwa imepoa.

Sikuona hatari. Magari mengine yote ya njia ile hayakuwa na mshipi na yalikwenda na kurudi, yameinama, ndiyo, lakini yalirudi. Jambo ambalo sikulijua, na nimelijua baadaye kwa kulifikiria kila siku, ni kwamba Sudi alikuwa ameshasahau kuendesha gari lisilo na mshipi. Mikono yake ilikuwa imezoea kuingia kona kwa mwendo ambao wenzake wasingethubutu. Fundi alimpa kiuno, naye akakiamini. Mimi nilikiondoa kiuno nikamwachia ile imani.

Kutoka Likoni njia yanyooka. Kona ya kwanza ya maana ni ile ya mikorosho.

Habari ililetwa na lori la mkaa, alasiri. Abiria walivunjika mikono, mama mmoja nyonga. Sudi walimtoa chini ya gari akiwa ameshakata roho. Alizikwa kesho yake asubuhi. Nilishika jeneza kwa hatua kadhaa kama wengine, nikampisha aliye nyuma yangu, na pini imo mfukoni mwangu ikinigonga paja. Nilipofika nyumbani niliifukia chini ya mtungi wa maji, mahali penye unyevu, nikamwambia Mama nimeona nge hapo asipaguse.

Gari lilirudishwa juu ya lori, limebonyea kama debe. Fundi aliingia chini yake akakaa huko tangu asubuhi mpaka watu wakaanza kuulizana kama yu hai. Ndoano ilikuwa imekatika, mshipi umepinda, tundu la pini li tupu. Hakikujulikana kitu. Alipotoka alisema maneno ambayo ameyarudia tangu siku ile kwa kila mtu aketiye naye.

"Ama ilichomoka, basi kosa ni la waya wangu. Ama hakuitia, basi kosa ni la ulimi wangu. Nalipaswa kumwambia yeye. Naliliambia gari."

Zuhura alirudi kwa babake na mtoto mgongoni. Ndiye aliyemtafutia njia ya kupumua. "Baba, alisahau," alikuwa akimwambia, kila alipomkuta amekaa na lile tundu mawazoni. "Sudi alikuwa msahaulifu, wajua wewe. Alisahau mpaka kofia msikitini. Si waya, wala si ulimi. Alisahau." Nimemsikia akisema hivyo zaidi ya mara moja, kwa kuwa nyumba yetu na yao zapakana uani. Alimtia marehemu makosa ili mzee apate kula. Na mzee siku nyingine alikula.

Lakini kazi aliiacha. Akaanza kuzunguka kwa wateja wake, mmoja mmoja, kuwaomba awafungue mishipi. Hakuna aliyekubali.

"Fundi, mimi hichi chuma sikitoi," dereva mmoja wa lori alimwambia mbele yangu. "Tangu unifungie, mke wangu hana wasiwasi."

"Nami ndio n'nakuomba. Nirudishie."

"Wataka nipinduke?"

Fundi aliondoka, akajisimamisha kwa mti, akaegemea pale na baiskeli yake, madereva wakimtazama.

Walipomkatalia wote alihamia kivukoni. Kila feri ikishusha magari aliingia chini yao, mzee mzima, na kikoi chake cheupe, akipapasa pini moja moja kwa vidole. Magari yakampigia honi. Askari wa feri alimtoa kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili kwa mkono, mara ya tatu alimpigia makelele kama anayefukuza mbuzi, na watoto wakapiga makofi. Watu wakasema maskini Fundi, akili imeteleza.

Na mimi? Mimi niliongeza mchezo. Darasani nilitambaa chini ya madawati nikipapasa miguu ya wenzangu na kukohoa, "Pini ipo? Pini ipo?" Walicheka mpaka mwalimu akaingia, na mwalimu mwenyewe akageukia ubaoni asionekane meno. Nilijua nifanyacho. Niliona kwamba nikiacha kuchekesha, mtu atauliza nimepatwa na nini.

Miaka miwili imepita hivyo. Mwaka huu nimeingia kidato cha kwanza, na Likoni nzima imepakwa chokaa kwa ajili ya Uhuru. Barazani hapazungumzwi jingine ila mwambao utakuwa wa nani na bendera ipi itashuka. Juzi mtu alimuuliza Fundi, "Na wewe, Fundi, waonaje huu Uhuru?" Akafikiri. Akauliza, "Na kona zitanyooshwa?" Watu walicheka. Yeye hakuwa akifanya mzaha. Alingoja kujibiwa.

Siku hizi hunoa mbuzi za kukunia nazi. Ndicho chuma pekee anachokubali kushika, kwa kuwa mbuzi haiendi popote. Wanawake humletea kwa huruma, hata zenye meno makali. Wiki iliyopita Mama alinituma na yetu. Asubuhi ile nilikuwa nimeusogeza mtungi na kufukua. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa kuwa kila mtu alikuwa akisema mambo yote yataanza upya.

Nilimkuta ukumbini, juu ya mkeka, tupa mkononi. Nyumba ilikuwa kwenye boriti ya nne.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Alinigeuzia sikio la kulia. "Ni yule mwenye sauti yangu?"

Nikaiweka mbuzi mbele yake.

"N'naambiwa waniigiza vizuri. Watu wasema ukifumba macho ni mimi." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Hebu niigize, nisikie. Mimi mwenyewe sijapata kujisikia."

Sauti haikutoka, si yake wala yangu. Akaichukua mbuzi na kuanza kunoa. Nikatia mkono mfukoni, nikaiweka pini juu ya mkeka, mbele ya goti lake.

Tupa ikasimama.

Hakuigusa kwanza. Aliitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila hodi. "Umeitoa wapi?"

Nilikuwa na maneno mawili tu. Nimeyafanyia mazoezi miaka miwili, njiani, kitandani, msikitini nyuma ya imamu. Niliichomoa mimi. Nikafungua mdomo. Na saa ile ile mtoto wa Sudi akatoka ndani akikimbia, akajitupa juu ya mapaja ya babu yake, akaniinulia uso, na uso wenyewe ni wa babake, mpaka ule mwanya wa meno ya mbele.

"Njiani," nikasema.

"Njia gani?"

Nikatafuta mahali palipo mbali na kivuko. Mbali na banda la chai, mbali na mimi. "Kona ya mikorosho. Kwenye majani. Tulikwenda kuokota korosho."

Fundi akaiokota. Akaigeuza mwangani, akaipitishia ukucha kama alivyokuwa akiupitisha ndani ya bakuli la uji. "Haikukatika," akasema. "Haikupinda." Akakwaruza. "Kutu ya miaka miwili, ndiyo." Akakigusa kile kipete cha waya, kikafunguka kwa ncha ya kidole. Akakibana, akakifungua tena. "Laini. Nalitaka kuubadili waya huu. Naliuona ni laini."

"Fundi," nikasema.

Hakunisikia. Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto.

"Basi aliitia," akasema. "Kama imeonekana kona ya mikorosho, basi ilitoka Likoni ikiwa mahali pake. Aliitia, akaondoka nayo." Macho yake yalikuwa yanang'aa, na nilidhani ni furaha, na kwa upande mmoja ilikuwa furaha kweli. "Sudi hakusahau." Sikupata kumsikia akilitaja jina hilo tangu siku ya harusi.

Kisha akainua sauti. "Zuhura. Ndoo hapa, mwanangu."

"Abee, Baba."

Alikuja kutoka jikoni, mikono imejaa tui. Fundi alimnyooshea kiganja, na pini katikati.

"Mtake radhi mumeo," akamwambia. "Miaka miwili twamsingizia. Hakusahau. Ilimchomoka njiani, waya ulikuwa laini. Ni mimi."

Zuhura aliitazama pini, akamtazama babake. Niliona akitafuta la kusema, lile la kila siku, na halikuwapo tena. Fundi aliifunga pini katika pindo la kikoi chake, fundo mara mbili, akaikaza kwa meno. Akaivuta mbuzi yetu akaendelea kuinoa, jino baada ya jino, taratibu, bila ya kuruka hata moja, mtoto amemlalia.

Zuhura alinisindikiza mpaka mlangoni na mbuzi mkononi. Alikuwa akilia bila ya kujipangusa, kwa ajili ya lile tui.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Mwingine angeitupa."

"Si neno," nikasema.